Mwalimu Luhende na Kalamu Isiyoandika

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Mwalimu Luhende Masele atakabidhi funguo za ofisi ya nidhamu ya Shule ya Sekondari Mawe Mapacha, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe ilimwomba muuguzi wa shule, ambaye ndiye mimi, aandike wasifu wake kwa ajili ya kijarida hiki. Sababu waliyoitoa ni kwamba ninamfahamu vizuri. Sababu ya kweli ni kwamba katika wafanyakazi wote wa shule hii, mimi peke yangu ndiye ambaye Mwalimu Luhende humwogopa.

Mwalimu Luhende alizaliwa Magu, katika familia ya wafugaji na wakulima wa mpunga. Alisomea ualimu hapa hapa jirani, katika chuo cha Butimba, akaanza kazi mwaka 1991 akifundisha Jiografia na kupuliza filimbi ya michezo. Alipohamia Mawe Mapacha alikuta shule yenye madarasa machache yaliyobanana katikati ya majabali, na mbuzi wa majirani wakiingia darasani kwa hiari zaidi kuliko wanafunzi. Mbuzi waliondoka. Wanafunzi walibaki. Makundi yote mawili yalisikia sauti moja.

Hiyo sauti lazima niieleze, kwa sababu wageni wa sherehe hii wataisikia bila kipaza sauti na wasije wakadhani kuna ugomvi. Wanafunzi humwita Radi. Akimwita mtu aliye bwaloni, wanaogeuka wako barabarani. Akiongea na simu, mtu huweza kujiuliza simu ni ya nini. Mkuu wa shule, Mwalimu Hellen Kashindye, alipendekeza mwaka fulani tununue king'ora cha kuamshia mabweni. Bodi ikauliza kama Mwalimu Luhende amefariki.

Matokeo ya Jiografia yalipanda mikononi mwake na hayajashuka. Hakuna mtoto aliyepita darasani kwake asiyeweza kutaja maziwa ya Afrika kwa kufuata ukubwa, hata akiamshwa usingizini, maana hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake aipendayo. Hakuwa mtu wa fimbo. Mtoro alisimama mbele ya gwaride akitaja Viktoria, Tanganyika, Nyasa, na akikosea alirudi mwanzo. Miti iliyopo kati ya mabweni na ziwa aliipanda yeye na wanafunzi wake, kwenye udongo ambao bwana shamba alisema hauwezi kuotesha hata jani. Hayo yote yameandikwa kwenye jalada lake na yanamtosha kupata saa ya ukutani ya wastaafu.

Ila hayakuandikwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba Mwalimu Luhende, mwenye kilo zaidi ya mia na mabega ya mlango, anaogopa sindano kuliko mtoto wa chekechea.

Mwaka wa ile kampeni ya chanjo, gari la wauguzi lilipoingia getini tu, Mwalimu Luhende alikumbuka ghafla kwamba tangi la maji lililo juu ya jabali halijakaguliwa. Akapanda. Tangi lilikaguliwa asubuhi nzima. Wauguzi walichanja walimu, wapishi, walinzi, wakafunga masanduku yao wakaondoka, na yeye bado yuko juu akigonga bati kwa kidole. Mimi nilibakiza dozi yake, nikachukua kiti, nikakaa chini ya jabali kwenye kivuli. Hakuteremshwa na hoja. Aliteremshwa na harufu ya ugali. Alipofika chini alikunja mkono wa shati, akafumba macho, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Nesi, niambie habari yoyote. Ya kwenu. Ya ng'ombe. Yoyote." Nikamweleza habari za shangazi yangu wa Nyakato. Sijafika katikati akaanguka, na mimi sijamgusa.

Jambo la pili lilianza Januari ya mwaka 2022, siku ya kupokea kidato cha kwanza.

Kati ya wazazi waliofika siku hiyo alikuwamo mama mmoja wa Mara, mke wa mvuvi, amemshika mkono binti yake mwembamba aitwaye Anyango Otuoma. Wengine walileta magodoro na ndoo. Yeye aliweka mbele ya mwalimu wa nidhamu mfuko mdogo wenye zipu, akasema, "Mwalimu, mwanangu ana mzio wa karanga. Akila hata punje, anavimba midomo, koo linaziba, pumzi inakata."

Sasa, watu wa kwetu wanajua maana ya maneno hayo mbele ya Msukuma wa Magu. Mboga isiyo na karanga kwake ni kama harusi isiyo na ngoma. Mwalimu Luhende alimtazama yule mama kwa huruma, kama mtu anayeambiwa kwamba mtoto ana mzio wa hewa.

"Mama," akasema, "mimi nimekula karanga kabla sijaota meno. Mama yangu alizitafuna akaniwekea mdomoni. Si labda tumbo tu?"

Yule mama hakukasirika. Alisema taratibu, "Mwalimu, mwaka juzi nilimbeba huyu mgongoni mpaka zahanati. Nilipofika nikamshusha, nikadhani nimebeba maiti. Mungu hakupenda, yule tabibu alikuwa na dawa. Sitaki na wewe umbebe."

Mwalimu Luhende akafungua zipu ya ule mfuko. Ndani yake mlikuwa na kalamu mbili nene, kila moja na kifuniko cha buluu upande mmoja na ncha ya rangi ya machungwa upande wa pili. Mjomba wake Anyango, anayefanya kazi ng'ambo, ndiye aliyezileta. Mwalimu Luhende akaishika moja, akaigeuza geuza, akauliza inaandika wino gani.

"Haiandiki," nikamwambia kutoka meza ya pili, nilikokuwa nikipokea vyeti vya afya. "Ni adrenalini. Ndiyo dawa yenyewe. Unaibana kwenye paja la mgonjwa, sindano inatoka yenyewe."

Akairudisha mfukoni kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota nge.

Lakini mtu asimcheke mapema. Tangu siku hiyo karanga zilikoma Mawe Mapacha. Hazikukatazwa kwa tangazo, zilikatazwa kwa Radi. Mpishi wetu, Mama Sabina, alisusa siku nzima, akisema hajawahi kupika mchicha wa hospitali na hataanza uzeeni. Mwalimu Luhende alimfuata jikoni, akaketi kwenye kigoda, na huko walizungumza kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Jioni yake tukala mchicha wa samli. Tuliupenda, ingawa Mama Sabina alikataa kupongezwa.

Siku za wageni Mwalimu Luhende alisimama getini mwenyewe. Alipekua vikapu, alinusa vyombo, alifungua vifuniko. Wanafunzi waliorudi kutoka likizo waliamriwa kufungua midomo na kusema haaa. Mwenyekiti wa bodi yetu, mzee wa heshima, alikutwa na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa koti la suti. Akatolewa nje ya geti na kuombwa kuzimaliza huko huko juani, kisha akaletewa maji na sabuni anawe mikono na kusukutua. Ukaguzi ulirudiwa. Mzee alifanya yote hayo bila kinyongo, na kikao cha bodi kikaanza kwa kuchelewa.

Yeye mwenyewe alijinyima. Mkewe, Mama Mayala, amenieleza kwamba mwalimu alikula karanga Ijumaa jioni na Jumamosi tu, na Jumapili alioga kama mtu aliyetoka msibani, akapiga mswaki mara mbili, akavaa shati ambalo halikuwa chumbani wakati karanga zikikaangwa. Mama Mayala anasema katika ndoa yao yote hajawahi kumwonea wivu mwanamke, ila amezionea wivu karanga.

Tatizo lilibaki ile kalamu. Nilisisitiza walimu wajifunze kuitumia, maana mimi ni mmoja na siwezi kuwa kila mahali. Nilikuwa na kalamu ya mazoezi, isiyo na sindano wala dawa. Mwalimu Luhende aliichangamkia kuliko wote. Alijibana pajani, alimbana Mwalimu Evelina Orwa wa Kiswahili, alimbana mlinzi aliyepita nje. Alijua hatua zote: toa kifuniko, ncha pajani upande wa nje, sukuma mpaka isikike ta, shikilia, mlaze mgonjwa miguu juu, piga simu, peleka hospitali hata akisema amepona. Nikaanza kuamini kwamba Mungu anabadilisha watu.

Ndipo Mwalimu Nathaniel, kijana wetu wa Fizikia ambaye hawezi kuona kitu bila kutaka kujua kilichomo ndani, akauliza sindano yenyewe ikoje. Nilikuwa na kalamu moja iliyokwisha muda wake. Nikachukua chungwa, nikaibana. Ta! Nikaichomoa taratibu kabla ncha haijajifunika, maji ya chungwa yakatiririka, na kwa muda mfupi sindano ikaonekana ikimetameta. Nyuma yangu nikasikia kishindo. Mwalimu Luhende alikuwa amelala juu ya kapu la machungwa, na machungwa yanakimbia pande zote za chumba cha walimu kama vifaranga.

Alipozinduka tulikubaliana kiungwana. Kwenye safari zote, atakayebeba kalamu na kuitumia ni Mwalimu Evelina. Yeye Mwalimu Luhende atashughulikia umati.

Julai ya mwaka 2023 timu zetu za mpira wa pete na wa miguu zilialikwa kucheza Ukerewe. Anyango alikuwa kidato cha pili na mfungaji wetu tegemeo. Mimi nilibaki shuleni kwa sababu bweni la wasichana lilikuwa na malaria. Asubuhi wakapanda meli ya abiria kwenda Nansio, Mwalimu Luhende na filimbi yake, Mwalimu Evelina na ule mfuko wenye zipu, na wanafunzi wakiimba tangu gatini.

Kitu ambacho Mwalimu Evelina hakuwa amemwambia mtu ni kwamba hajawahi kupanda meli. Amezaliwa ufukweni mwa ziwa hili, amefundisha mashairi kuhusu ziwa hili, ila maji yenyewe alikuwa akiyatazama kutoka nchi kavu. Siku hiyo kulikuwa na upepo. Hawajalipita vizuri jiwe la Bismarck, pale karibu na bandari, akaomba ndoo. Walipofika katikati ya safari alikuwa amelala sakafuni amekumbatia ile ndoo kama ndugu aliyepotea, na mfuko wenye zipu umehamia shingoni mwa Mwalimu Luhende.

Kabla ya kupanda, wanafunzi walikuwa wamenunua kashata bandarini. Anyango ni mtoto makini. Alimuuliza muuzaji kama za kwake ni za nazi, akaambiwa ni nazi tupu, na kweli zilikuwa nazi tupu. Asichojua, na asingeweza kujua, ni kwamba kisu kilichozikata kilikuwa kimetoka kwenye sinia la kashata za karanga. Alikaa nayo mfukoni mpaka njaa ilipomshika katikati ya ziwa.

Simu ilinikuta zahanati ya shule nikipima joto la mtoto. Niliisogeza mbali na sikio kwa mazoea.

"Nesi! Anyango anavimba! Midomo! Macho hayaonekani!"

"Anapumua?"

"Anapumua kama filimbi iliyoingia mchanga!"

"Evelina yuko wapi?"

"Evelina hawezi hata kushika kijiko!" Nyuma yake nikasikia mtu akitapika, kuthibitisha.

"Basi ni wewe, Mwalimu."

Kimya. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka mingi, sijawahi kusikia kimya chake. Niliwasikia ndege wa ziwani kwenye simu.

"Mimi, Nesi?" Ile sauti ndogo ya chini ya jabali.

"Wewe. Hakuna hospitali hapo ulipo, na haiwezi kusubiri Nansio. Unajua hatua zote kuliko mtu yeyote shuleni. Toa kifuniko cha buluu. Paja, upande wa nje. Hata juu ya sketi ni sawa, usipoteze muda. Sukuma kwa nguvu, shikilia, halafu..."

Mtandao ukakatika.

Nilipiga tena, na tena, na tena. Mtoto niliyekuwa nampima joto alinishika mkono, maana alinitazama usoni akaona mimi ndiye mgonjwa. Nilipiga Nansio nikaomba gari la wagonjwa lije gatini. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Nilisimama mlangoni nikilitazama ziwa, zuri, la buluu, limetulia huku kwetu kana kwamba halina habari na mtu, nikafikiria kwamba nimemkabidhi yule mtoto kwa mtu mmoja katika mkoa mzima anayezimia kwa chungwa.

Yaliyotokea melini nimeyapata kwa Anyango, na kwa Mwalimu Evelina aliyeyaona akiwa sakafuni kwa jicho moja.

Watu walikuwa wameshajaa. Mama mmoja alikuwa na kibuyu cha maziwa, anasema maziwa yanakata sumu yote. Kijana mmoja alikuwa na soda ameshaifungua. Mwingine alisema mtoto ainuliwe asimame, apigwe mgongoni. Mhubiri mmoja alikuwa ameanza kukemea pepo wa majini, akimtaja kwa jina. Anyango alikuwa akivuta pumzi na pumzi haiji, na anasema alichokuwa akikiona ni viatu tu.

Mwalimu Luhende akavuta pumzi yeye.

"KAENI CHINI!"

Meli nzima ikakaa. Abiria walikaa juu ya mizigo, juu ya mabenchi, juu ya wenzao. Baharia aliyekuwa ameshika kamba alikaa na kamba yake. Mhubiri alikaa, na inaonekana pepo naye. Bwana mmoja wa makamo mwenye suti alikaa sakafuni akafunga mikono kifuani. Baadaye ilijulikana kwamba alisoma Mawe Mapacha miaka ya tisini.

"Mwenye maziwa, shika maziwa yako! Hapewi kitu mdomoni! Wewe wa soda, kunywa mwenyewe! Ninyi wa netiboli, leteni mabegi, inueni miguu yake!"

Wakamlaza, miguu juu ya mabegi ya jezi. Mwalimu Luhende akapiga magoti. Akafungua zipu, akatoa kalamu, akatoa kifuniko cha buluu. 

"Angalia kule, ng'wanone, mwanangu," akamwambia Anyango. "Usitazame."

Anyango, na sauti imebaki uzi, akamjibu, "Mwalimu, wewe ndiye usitazame."

Hapo, kwa mujibu wa mashahidi wote wawili, Mwalimu Luhende alianza kutaja maziwa ya Afrika. Hakuna aliyemwadhibu. Alitaja Viktoria, akaweka ncha pajani, upande wa nje, mahali pake. Alitaja Tanganyika. Alipotaja Nyasa alisukuma. Ta! Akashikilia, anaendelea, Turkana, Albert, hadi akafika kwenye maziwa ambayo Mwalimu Evelina anasema hayako kwenye mtaala. Jasho lilikuwa likimdondoka puani. Alichomoa kalamu, akapasugua mahali pale kama alivyofundishwa, akaitoa kalamu ya pili akaishika tayari kama ya kwanza haitatosha, akatega sikio kwenye kifua cha mtoto.

Meli ilikuwa ikipiga maji tu. Kisha ile filimbi yenye mchanga ikaanza kupungua. Ikawa mluzi. Ikawa pumzi yenye kukwaruza. Anyango akakohoa, akalia, na kwa kulia kule kila mtu akajua hewa inapita. Mama wa maziwa akapiga kigelegele.

Mwalimu Luhende alibaki amepiga magoti mpaka alipohakikisha. Alisema, "Bado hajapona. Asiinuke. Asikae. Tunakwenda naye hospitali hivi hivi alivyolala." Alisema vizuri, kwa utulivu. Kisha akaona kwenye sketi ya Anyango alama moja ndogo ya damu, tone lisilotosha hata kumshibisha mbu.

Bahati ni kwamba kulikuwa na mfanyabiashara anayepeleka magodoro Nansio.

Mama wa maziwa, ambaye alikuwa amevumilia muda wote huo, hatimaye alipata mgonjwa asiyeweza kumkataza. Alimmwagia kibuyu kizima kichwani.

Meli ilipofunga gati, wahudumu wa gari la wagonjwa walipanda na machela moja. Walikuta binti amelala, amevimba kidogo, anapumua, anawaambia shikamoo. Kando yake walikuta mwanamume mkubwa, ameloa maziwa kutoka nywele hadi tai, amelala chali juu ya godoro jipya. Wakaanza kumpakia yeye. Walikuwa wameshamfunga mkanda mmoja, na wamesimama kupumzika, alipofumbua macho.

"Yule!" akanguruma. "Yule! Mimi ni mwalimu wa nidhamu!"

Anyango alilala hospitalini usiku ule chini ya uangalizi, maana mzio huweza kurudi hata baada ya dawa. Mwalimu Luhende alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, ananuka maziwa mgando, akikataa kwenda kubadili shati. Muuguzi wa zamu alipopendekeza na yeye apimwe damu, nasikia alipona papo hapo. Mechi tulifungwa zote mbili. Mwalimu Evelina mpaka leo analilaumu ziwa.

Mama yake Anyango alifika shuleni wiki iliyofuata na sangara ambaye ilibidi aingie getini kwa mkokoteni. Alimkuta Mwalimu Luhende gwaridani. Hakujali gwaride. Alimshika mikono yote miwili.

Akasema, "Nilikuambia sitaki umbebe, Mwalimu. Umembeba."

"Mama," Mwalimu Luhende akajibu, "ukweli ni kwamba tulibebwa wote. Mimi ndiye niliyekuwa mzito."

Mbele ya shule nzima yule mama akacheka mpaka akakaa chini, na alipokuwa amekaa ndipo akalia.

Baada ya safari ile Mwalimu Luhende hakutulia. Alisema haiwezekani maisha ya mtoto yategemee tumbo la Evelina. Mafunzo ya kalamu yakawa ya kila muhula, na kila mtu: walimu, wapishi, madereva, walinzi, hata mwenyekiti wa bodi. Yeye ndiye aliyefundisha. Alifundisha akiwa ameupa mgongo mfano, anaeleza hatua kwa sauti huku mimi ninaonesha nyuma yake, na tulipofika kwenye chungwa alitoka nje kukagua tangi la maji. Shule jirani zilianza kumwalika. Mkuu wa shule akapata bajeti ya kalamu za akiba. Kisanduku cha kalamu hizo kipo ukutani, nje ya ofisi, hakina kufuli, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kukichezea, kwa sababu zinazojulikana.

Pamoja na hayo yote, alipokuwa akikaribia kustaafu hakutaka kuzungumzia habari hizo. Ukimuuliza ataondoka lini, alikumbuka gwaride. Tulidhani anaogopa nyumba tupu. Mama Mayala alicheka, akasema nyumba yao haijawahi kuwa tupu, na ng'ombe wanamsubiri Magu kuliko yeye anavyowasubiri.

Ikafika Aprili mwaka huu. Nilikuwa nimekwenda mjini kuchukua dawa. Nyuki wa majabalini walimuuma mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye hakuna aliyejua kwamba ana mzio nao, wala yeye mwenyewe. Alianguka karibu na maabara. Mwalimu Luhende alikuwa juu, darasa la mwisho, akifundisha pepo za misimu. Aliposikia kelele alishuka mbio, na mbio zake si jambo dogo.

Alipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Mtoto amelazwa, miguu iko juu ya kiti, kalamu iliyotumika iko kando, Mama Sabina ameshawaamuru watu wakae chini kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi, na gari liko mlangoni linanguruma. Mwalimu Nathaniel alikuwa amepiga magoti, amemshika mtoto mkono.

"Paja lipi?" Mwalimu Luhende akauliza akihema.

"La kulia, Mwalimu. Upande wa nje."

"Ulishikilia?"

"Nilishikilia."

"Umepiga simu hospitali?"

"Wanatusubiri."

"Kalamu ya pili?"

Nathaniel akapiga mfuko wa shati. Ilikuwapo.

Mwalimu Luhende alifungua mdomo, na hakukuwa na kitu cha kupigia kelele. Gari likaondoka na mtoto, ambaye leo yuko darasani na amekaa mbali na dirisha lenye maua.

Niliporudi nilimkuta Mwalimu amekaa peke yake kwenye ngazi za bwalo. Nikaketi karibu naye.

"Hata hawakuniita, Nesi," akasema.

"Ulitaka wakuite?"

Akafikiri. "Nilitaka," akasema. "Nilikimbia ngazi zote zile." Akafuta jasho shingoni, akatazama kule maabara, ambako wanafunzi walikuwa wanarudi kwenye mistari bila kuamriwa na mtu. Kisha akasema, kwa ile sauti ndogo ambayo sasa nimeisikia mara ya tatu, "Basi naweza kwenda."

Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe ofisi ya mkuu wa shule kupanga tarehe.

Mwalimu Luhende, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, bodi, wazazi na watoto wote wa Mawe Mapacha, wanaopumua bila kukumbuka kwamba wanapumua, tunasema asante. Asante kwa miti, kwa maziwa ya Afrika, kwa sauti, na kwa siku ile uliyoogopa na bado ukasukuma. Msalimie Mama Mayala na ng'ombe. Tunakutakia pumzi ndefu, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele, na siku nyingi za heri huko Magu.

Nenda salama, Mwalimu. Tutashikilia.

Odeta Chenge
Muuguzi wa Shule